Babu Alikuja na Lori

Usiku wa kuamkia maziko ya babu mzaa baba nilikabidhiwa kalamu. Mimi ndiye mjukuu wake mkubwa, na wazee wakaamua niandike wasifu wa marehemu, kisha niusome kabla ya kwenda makaburini. Nilikaa barazani mpaka majogoo. Majina ya watoto na wajukuu yalikuja yenyewe. Miaka ya kazi kwenye mkonge, ugonjwa, siku aliyokata roho, yote nikayapanga. Mstari wa kwanza ndio ulionishinda. "Marehemu alizaliwa..." Wapi? Kwa nani? Nilijua neno Songea, basi. Asubuhi nikasoma mbele za watu kwamba marehemu alizaliwa Songea, na kwamba alikuja Maramba kikazi.

Hakuna aliyeniuliza kitu. Lakini lile neno "kikazi" nililichagua mwenyewe na nilijua kwa nini. Kikazi huja bwana shamba, huja mwalimu, huja askari. Babu yangu alikuja manamba, nami nikiwa nimesimama kando ya jeneza lake niliona haya kulitamka jina hilo.

Asiyeijua Maramba huwa amelisikia jina lake kwa sababu ya kambi ya JKT. Vijana wengi wa nchi hii wamepigwa jua la kwata hapo, na wakirudi makwao husimulia joto na mbu. Sisi wenyeji tunaijua kwa jambo jingine. Iko wilaya ya Mkinga, chini kabisa ya milima ya Usambara Mashariki, mahali ambapo mlima unaishia na nyika inaanza, na bahari nayo haiko mbali. Siku ya gulio utaona waliotelemka na mikungu ya ndizi, iliki na mdalasini, na waliopanda kutoka pwani na nazi, chumvi, dagaa na ng'onda. Wa mlimani anarudi na samaki, wa pwani anarudi na ndizi. Nimezaliwa katikati ya biashara hiyo. Bibi mzaa baba alikuwa Mshambaa, bibi mzaa mama alikuwa Mdigo, na kila mmoja alikuwa na kisa chake cha mwanzo wa watu.

Kwa bibi Mshambaa dunia ilikuwa na pande mbili. Kulikuwa na Shambaai, juu, kwenye ukungu na migomba. Na kulikuwa na nyika, huku chini, kwenye jua, homa na wanyama wakali. Alitelemka nyika kwa ajili ya mumewe na akaishi huku zaidi ya miaka hamsini, lakini hadi anafariki alikuwa akisema "huku kwenu". Jioni, akisonga ugali, alitusimulia Mbegha.

Mbegha alizaliwa Ungulu, akaota meno ya juu kabla ya ya chini. Mtoto wa namna hiyo huitwa kigego, na zamani hakuachwa aishi, maana iliaminika atawamaliza nduguze. Yeye wazazi wake walimficha. Walipokufa, ndugu wakamnyima urithi na kumtupia lawama za kila aliyekufa. Akaondoka na mbwa zake na mikuki yake, akafika Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mkubwa wa pale. Siku moja wakiwa mawindoni kijana yule akauawa na nguruwe mwitu. Nani angemwamini kigego kwamba hakuhusika? Akakimbia tena, yeye na wenzake, wakaingia porini wakiishi kwa kuwinda, hadi moshi wa moto wao ukaonekana na watu wa milimani.

Hapo bibi alikuwa akipunguza mwendo. Watu wa mlimani walikuwa na ndizi na nafaka, hawakuwa na nyama ya kutosha. Mbegha alikuwa na nyama, hakuwa na shamba. Wakapeana. Akaendelea kutoka mji hadi mji akiwaua nguruwe waliokuwa wakila mazao na kugawa nyama, akafika Bumbuli, akafika Vugha. Usiku akamuua simba. Kulipokucha wakaiona ngozi, wakamwita Simba, wakampa mke na kumfanya mfalme wao. Mwanawe Buge akarithi, na ukoo wa Wakilindi ukatawala Usambara kwa vizazi. Chini ya Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, mkono wao ulifika hadi pwani.

Nilipokuwa mdogo nilimpenda simba. Nilipokuwa mtu mzima nikaanza kuyatazama yale meno. Fikiria ukoo wa kifalme ambao, ukiulizwa ulikotoka, unajibu: baba yetu alikuwa mtoto aliyepaswa kufa, akanyimwa urithi, akashukiwa kuua, akakimbia mara mbili. Wangeweza kuficha. Wafalme wengi hujitafutia babu aliyeshuka kutoka mbinguni. Wao waliliweka doa mwanzoni kabisa mwa kisa, ndipo simba akafuata.

Kisa hiki kimepata bahati ya kuandikwa kwa Kiswahili na mtu wa pwani, Abdallah bin Hemedi Liajjemi, katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichoanza kuchapwa na wamisionari wa Magila mwishoni mwa karne ya 19. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeandika juu ya ufalme huo mwaka 1974, aliona kwamba kiini chake ni ule mpishano wa nyama na chakula cha shamba: mtu wa porini anageuzwa kuwa mtu wa nyumbani kwa kupeana. Bibi hakusoma kitabu chochote, lakini alikuwa na maneno mawili ya kumpimia mtawala yeyote, awe mfalme wa zamani au mwenyekiti wa kijiji. Kuzifya shi, yaani kuitengeneza nchi, mvua inyeshe na watu washibe. Na kubana shi, kuiharibu. Mtu haulizwi alikotoka. Anaulizwa nchi imekuwaje tangu aje.

Bibi Mdigo alikaa upande wa pwani, na kwake tulikwenda likizo. Kisa chake hakikuwa na shujaa. Nilimwuliza mara nyingi: bibi, nani aliyewaongoza? Naye alikuwa akijibu kwa neno moja, "sisi". Sisi tulitoka Shungwaya, kaskazini huko, kupita Lamu. Sisi tuligombana na Wagala, ndivyo wazee walivyowaita Waoromo. Sisi tulikimbia, Wadigo wakatangulia, wengine wa Mijikenda wakafuata. Njiani tulibeba fingo, dawa ya kulinda mji, na tulipopata kilima chenye msitu tukaifukia pale, tukajenga kaya katikati ya miti. Makaya hayo yapo hadi leo. Kaya Kinondo iko upande wa Kwale, nchini Kenya, na misitu kadhaa ya kaya za Mijikenda iliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2008. Wadigo wa Tanga na wale wa Kwale ni watu wamoja waliokatwa na mstari uliochorwa Ulaya mwaka 1886. Bibi aliuvuka mpaka huo maisha yake yote kwenda kwenye harusi na misiba, na sidhani kama aliwahi kuuhesabu kuwa kitu.

Wako wataalamu wanaokitilia shaka kisa cha Shungwaya, wakisema makabila mengi yalikichukua baadaye ili yaonekane ya nasaba moja. Huenda. Lakini panda kidogo kutoka Maramba ufike Bwiti, chini ya milima ileile, utawakuta Wadaiso, watu wachache ambao lugha yao ina undugu na Kikamba, Kikuyu na Kimeru. Ndugu wa lugha yao wako Kenya ya kati, mamia ya kilomita kutoka hapo, kando ya mlima wenye theluji. Midomo yao imehifadhi safari ambayo macho ya mtu hayawezi kuiona. Ndiyo maana nimejifunza kutoharakisha kusema kwamba wazee walizua.

Niliwapanga bibi zangu wawili kichwani kwa miaka, nikiwalinganisha. Cha Mshambaa ni kisa cha mwenye nyumba: yeye alikuja, sisi tulimpokea. Cha Mdigo ni kisa cha mgeni: sisi tulikuja, tukiwa na kitu mkononi. Mtoto aliyelelewa na kisa cha kwanza anafundishwa kumtazama anayebisha hodi na kuuliza amebeba nini. Aliyelelewa na cha pili anafundishwa kwamba, ukikimbizwa, usiondoke mikono mitupu. Beba kile kitakachofanya pale unapofika pawe kwako. Hapa Maramba mlango ni mmoja, na visa hivi viwili vimesimama pande zake mbili.

Nilianza kusoma visa vya mbali ili nione kama ni sisi tu. Wamaori wa Nyuzilandi husimulia kwamba mwanzo Baba Mbingu, Ranginui, na Mama Ardhi, Papatūānuku, walikuwa wamekumbatiana kwa nguvu hata watoto wao wakawa wamebanwa katikati gizani. Watoto wakashauriana. Mmoja akasema tuwaue wazazi. Tāne, mwenye misitu, akasema tuwatenganishe, akalala chali na kuisukuma mbingu kwa miguu, kama mti unavyokua. Nuru ikaingia. Lakini ndugu mmoja, Tāwhirimātea, mwenye upepo, alichukia jambo hilo akamfuata baba juu, na hadi leo hutuma dhoruba. Mvua ni machozi ya Rangi akimlilia mkewe. Ukungu ni pumzi za Papa akimjibu. Tangu nisome hayo, sijautazama tena ukungu wa asubuhi juu ya msitu wetu wa Mtai kwa macho yale ya zamani.

Wahaida wako ng'ambo ya bahari kubwa ya Wamaori, kwenye visiwa vya Haida Gwaii, pwani ya magharibi ya Kanada. Kwao mwanzo ni kunguru. Anatembea ufukweni, mahali paitwapo Rose Spit, anasikia sauti ndogo zikitoka kwenye kombe lililofukiwa mchangani. Ndani wamo watu, wadogo, wamejikunyata kwa hofu. Kunguru anawabembeleza, anawachombeza, hadi mmoja anatoa kichwa, kisha mwingine. Msanii wao Bill Reid alikichonga kisa hicho kwenye mbao ya mwerezi mwaka 1980, na kazi hiyo iko Vancouver: kunguru mkubwa juu ya kombe, na vichwa vya watu vikichungulia. Nimeona picha tu, na nyuso zile za woga nazifahamu. Wahaida, baada ya ndui ya mwaka 1862 na maradhi mengine, walipungua kutoka maelfu hadi mamia. Mwaka 1900 alipofika mgeni mmoja, John Swanton, na daftari lake, wazee waliobaki wakakaa siku nyingi wakimsimulia. Walijua wakizikwa bila kusema, kombe linafungwa.

Katika kisa cha Wamaori na cha Wahaida watu wamefungwa mahali, kisha kuna anayefungua. Bibi zangu wote wawili walianzia barabarani. Hapakuwa na mbingu wala kombe, palikuwa na watu wanaokimbia. Lakini Wamaori nao wana kisa cha barabara. Wanasema wazee wao walitoka Hawaiki kwa mitumbwi mikubwa, na kila ukoo unajua jina la mtumbwi wake. Mmaori akisimama mbele ya hadhara kujitambulisha hatangulizi jina lake. Anautaja mlima wake, mto wake, mtumbwi uliowaleta wazee wake, watu wake. Yeye mwenyewe anakuja mwishoni.

Usiku mmoja, wiki chache baada ya maziko, nilijaribu kufanya hivyo peke yangu. Mlima wangu ni Mtai. Mto wangu ni Umba. Chombo kilichowaleta wazee wangu ni...

Lori. Chombo chetu ni lori.

Nilikaa kimya muda mrefu. Mke wangu akaniuliza nina nini, nikashindwa kumjibu.

Mkonge wenyewe una kisa cha safari. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62. Husimuliwa pia kwamba ilifichwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa, na watu wa Tanga wanakipenda kipande hicho cha hadithi kuliko hesabu. Kutokana na miche hiyo 62 mashamba yalitanda kutoka Pangani hadi huku kwetu na njia yote ya reli. Kila mwaka wanafunzi wanasimuliwa habari ya miche hiyo. Mche una nasaba. Wakataji wake hawana.

Wakataji waliletwa. Wenyeji walikuwa na mashamba yao na hawakuitaka kazi ile kwa ujira ule, basi mabwana wakapeleka waandikishaji mbali: Songea, Njombe, Kigoma, Unyamwezi, hadi Ruanda-Urundi na Msumbiji. Kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kukusanya watu, SILABU. Kila mtu alipewa namba, na kutokana na namba hiyo likatoka jina: manamba. Alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi; siku ambayo hukumaliza fungu lako, haikuhesabiwa. Miiba ilitoboa macho. Majimaji ya mkonge yaliwasha ngozi hadi usiku. Kwenye korona, mtambo wa kuchambulia singa, wako waliopoteza vidole na mikono. Kambi zilipangwa kwa makabila, watu wakaita laini ya Wangoni, laini ya Wamakonde, kama vile mtu alikuja na kabila lake tu na hakuja na mama.

Babu alikata mkonge kwa zaidi ya miaka ishirini. Hakusimulia. Tulipomwomba kisa, alituelekeza kwa bibi: "Nendeni mkamsikilize mwenye milima." Mimi nilidhani hana kisa. Shuleni, mwalimu alipotutaka kila mmoja aeleze asili ya ukoo wake, nilisimama nikasimulia Mbegha, nikakaa nikiwa nimepigiwa makofi. Nyumbani nilimweleza babu kwa fahari. Akatabasamu, akasema nimefanya vizuri. Sasa mimi mwenyewe nina watoto, na ninaijua bei ya tabasamu lile.

Babu alikuwa Mngoni. Na Wangoni wana safari kubwa kuliko zote nilizowahi kusikia kwa bibi zangu. Walitoka kusini mwa Afrika wakikimbia vita vya wakati wa Shaka, wakauvuka mto Zambezi mwaka 1835 chini ya Zwangendaba, siku ambayo jua lilipatwa, wakapanda kaskazini hadi Ufipa na baadaye Songea. Damu hiyo ilikuwa imekaa barazani petu ikisokota kamba za katani, na mimi nikapita mbele yake kwenda kuazima mfalme kwa bibi.

Ninachojiuliza ni hiki. Mbegha naye alikuwa mtu wa aibu, hadi mtu wa kwanza alipothubutu kusimulia meno yake. Waliotoka Shungwaya walikuwa watu walioshindwa vita, hadi walipoamua kusema "sisi". Kisa cha mwanzo hakikuwa na utukufu siku kilipotokea. Kilikuwa njaa, woga, miguu iliyovimba. Kuna mtu, baada ya miaka mingi, aliyekaa na watoto akakisema bila kuinamisha uso. Manamba wetu bado wanamngoja mtu huyo, na wanakufa mmoja mmoja. Wajukuu wao wako hapa Maramba, Korogwe, Muheza, Pangani, wakijiita Wadigo kwa mama, Washambaa kwa bibi, Wabondei kwa shamba walilonunua, chochote kile ila mtoto wa laini.

Arobaini ya babu ilifika. Baada ya dua na chakula niliwaomba wazee ruhusa ya kusema. Mikono ilinitetemeka, karatasi nikaiacha mfukoni. Nilisema kwamba siku ya maziko nilisoma neno ambalo halikuwa la kweli. Nikasema babu yetu alikuwa Mngoni wa Songea, kwamba alikuja akiwa kijana wa miaka kumi na minane hivi, akiwa na blanketi moja aliloandikishiwa, kwamba alikuwa na namba, kwamba alikuwa manamba. Nikasema alikuja na lori.

Watu walinyamaza. Mama akainama. Nikaona nimeharibu.

Ndipo kutoka nyuma, karibu na mwembe, mzee mmoja wa kambi ya zamani, ambaye siku zote nilimjua kama mshona mikeka tu, akajikokota kwa fimbo yake hadi akasimama.

"Malori yalikuwa mawili, mwanangu," akasema. "Mimi nilikuwa kwenye la nyuma. Kaa nikwambie."